Kiganja Juu ya Boneti

Vumbi la Ngamiani halipigi hodi. Linaingia kwa dirisha na kwa tundu la ufunguo, linapanda kitandani, linaketi juu ya kabati na juu ya sufuria bila kubagua. Jekundu linatoka barabarani, jeupe linatoka kwenye malori ya mawe ya Pongwe, na liko lile la baharini, lenye chumvi, ambalo hulioni mpaka ulilambe. Kwa miezi minne na siku kumi vumbi hilo la namna zote tatu lilishuka polepole juu ya gari jeusi la marehemu Tahiri, na hakuna aliyelizuia.

Miezi minne na siku kumi ndiyo eda ya mjane, na Asmahani aliikaa yote. Hakupaka wanja, hakufukiza udi, hakuvuka kizingiti cha mlango wa mbele. Kila asubuhi aliketi kwenye kigoda karibu na dirisha, akalitazama gari chini ya banda la bati ubavuni mwa nyumba. Kila asubuhi weusi wake ulikuwa umepungua kidogo. Likawa kijivu, likawa la udongo, mwisho likawa na rangi isiyo na jina. Vijana wa mtaa walijitolea kuliosha, nao kila mara walipewa jibu moja tu kutoka dirishani.

"Lisiguswe."

Enzi za uhai wake, Tahiri naye alikuwa na neno kama hilo. "Msiguse, halijakauka." Alilisema kwa watoto wa jirani, kwa paka, kwa mashehe waliokuja kusalimia, kwa mkewe mwenyewe. Mtaa mzima ulilijua. Mtu akichelewa kuamka, wenzake wakisema mwacheni, halijakauka, watu walicheka, na Tahiri alicheka pamoja nao huku kitambaa kikiwa begani.

Alikuwa fundi wa kung'arisha magari. Si muoshaji, ukimwita muoshaji ulikuwa umemtukana. Kuosha ni maji na sabuni, alisema, hata mvua inajua kuosha. Yeye alikuwa akiliamsha gari. Magari ya maharusi yalipita kwake kabla ya kwenda kumchukua bibi harusi, na kutoka Usagara mpaka Raskazone mitaa yote, watu walijua ukitaka kujiona sura kwenye mlango wa gari lako, mpelekee Tahiri, umwachie siku nzima, wala usimharakishe.

Kwanza ndoo mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia kitambaa, kwa sababu mchanga ukirudi kwenye povu unageuka kuwa wembe. Kisha aliuvisha mkono mfuko wa mkate na kuupitisha juu ya rangi, macho yamefumbwa, akitafuta kwa ncha za vidole kile ambacho jicho halikioni. Palipokwaruza alipapitisha udongo laini wa kunyonya uchafu, mpaka pakawa kama shavu. Kisha dawa ya kukata, inayomenya ngozi nyembamba kabisa ya rangi pamoja na mikwaruzo yake. Kisha dawa ya kinga, tabaka moja jepesi, iachwe, ikauke, isiguswe. Mwisho kabisa nta, ile inayoipa rangi kina, mpaka ukidondosha tone la maji linasimama duara kama shanga.

Na alikuwa na sheria moja juu ya zote. Ukimaliza, mkono wako usionekane. Watu waione rangi, waione mbingu ndani ya rangi, wajione wenyewe. Wewe fundi usiwepo. Gari lenye alama ya kidole cha fundi, alisema, ni aibu inayotembea.

Asmahani aliyajua yote hayo bila kufundishwa. Miaka kumi na tisa ya kutazama kutoka dirishani si kidogo. Walikuwa wawili tu ndani ya nyumba ile. Mungu hakuwajaalia mtoto, na Tahiri, aliyekuwa na mapenzi mengi kuliko watu wa kuwapa, mengine aliyamimina kwenye ile Cresta nyeusi ya zamani. Wateja walipata siku zao. Cresta ilipata kila alhamisi, mpaka kinga; nta aliipaka ijumaa asubuhi, ili iende msikitini ikimeremeta. Asmahani alizoea kuwaambia wanawake wenzake, mke mwenzangu ana matairi. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alicheka pia, lakini si sana.

Ndiyo, alikuwa na wivu. Wivu wa kweli, si wa mzaha. Aliona wivu kwa jinsi Tahiri alivyoinama juu ya lile bati, kwa taratibu ile, kwa subira ile, mume ambaye chai ikikawia dakika tano alikuwa anagonga kikombe kwa kijiko. Ni aibu kumwonea wivu chuma. Lakini moyo haukuuliza ruhusa.

Alhamisi ile ya mwisho alimwita mara tatu. Chai ya jioni ilikuwa tayari, na mikate ya kumimina aliyoipika kwa mikono yake, ya moto, iliyochanuka vizuri kama anavyoipenda. Mara ya kwanza alimjibu, naja. Mara ya pili alimjibu, naja, nafunga upande huu wa mwisho. Mara ya tatu Asmahani alisimama dirishani, damu imempanda, akatupa maneno yake nje kama mtu anavyomwaga maji machafu bila kuangalia nani anapita.

"Basi kaa nalo hilo gari lako! Likupikie, likufulie, na siku yako ikifika likuzike!"

Hakujibiwa. Baadaye kidogo alichungulia, akaona kofia ya Tahiri chini, karibu na tairi la mbele, upande wa nyumba. Ameketi mchangani, ameegemea tairi. Ananuna, Asmahani akajisemea. Ameketi pale makusudi ili nimwone ananuna. Akamwacha. Akala mkate wake, akanywa chai yake, akafunika sehemu ya mumewe kwa kawa. Ilipoadhiniwa magharibi na Tahiri hakuinuka, ndipo alipotoka.

Moyo, daktari alisema. Ulisimama tu. Asmahani alisikia neno moyo na hakusikia lililofuata. Masikioni mwake lilikuwa likirudi neno lake mwenyewe. Na likuzike. Na likuzike. Kesho yake walimzika baada ya sala ya ijumaa, na lile neno halikuzikwa naye. Lilibaki ndani, likakaa naye eda. Kila alipofumba macho aliona kofia ile chini karibu na tairi, mtu aliyeondoka duniani akiwa amemnunia.

Na kingine. Mke anaruhusiwa kumuosha mumewe, hiyo ni haki yake. Asmahani alitaka. Lakini alikuwa akianguka na kuzinduka, akianguka na kuzinduka, wanawake wakamshika, na aliporudiwa na fahamu kamili Tahiri alikuwa ameshaoshwa na wanaume wa msikitini, ameshavikwa sanda, amefungwa. Hakumgusa. Hakumwagia hata kata moja ya maji.

Eda ikaisha siku ya jumanne. Shehe alikuwa amekwisha kugawa mirathi na ndugu walikuwa wamekwisha kuridhiana: Asmahani abaki na nyumba, na gari limwendee Yussuf, mdogo wake Tahiri, aliyekuwa anaishi Pangani. Yussuf akaleta salamu kwamba atakuja jumatano, alasiri, alichukue. Alisema kwa adabu, tena kwa kusitasita, kama mtu anayeomba samahani.

Jumatano asubuhi Asmahani alitoka na ndoo mbili.

Bi Mastura, jirani wa mlango wa pili, mtu mzima aliyelala naye chumba kimoja kila usiku wa eda, alimwona kutoka barazani kwake na akaja mbio na kanga mkononi.

"Asma mwanangu, ndo kutoka eda kwenyewe huku? Waachie vijana wafanye."

"Shikamoo, Bi Mastura."

"Marahaba, lakini jibu nilichokuuliza."

"Halitoki uani kwa Tahiri likiwa hivi," Asmahani alisema. "Watu wataliona njiani. Watasema, hilo si gari la Tahiri?"

Bi Mastura alimtazama, akaitazama ile ndoo ya povu, akaelewa kwamba hapa hakuna wa kumgeuza. Akajifunga kanga vizuri, akaketi kwenye kizingiti, asimsaidie, asimwache. Hilo nalo ni jambo ambalo si kila jirani analijua.

Asmahani alianza kwa maji matupu, kwa sababu vumbi halifutwi likiwa kavu, linakwaruza. Alianza upande wa kulia. Hakujiuliza kwa nini kulia. Maji yalishuka mekundu, yakashuka meupe, yakashuka ya chumvi, na chini yake weusi ukaanza kurudi, kidogo kidogo, kama mtu anayerudiwa na sauti. Alifika kwenye kioo cha pembeni, ule upande wa kulia ulio mbali na nyumba, na mkono wake ukagusa kitu laini.

Kilikuwa kitambaa. Kimening'inizwa kwenye kioo, kigumu kwa vumbi, kimekunjwa mara nne.

Alisimama. Maji yaliendelea kudondoka kutoka kwenye kiwiko chake. Tahiri hakuwahi kukunja kitambaa kazi ikiwa katikati. Katikati ya kazi kitambaa kilikaa begani. Kukunja mara nne na kutundika kwenye kioo kulikuwa ndiyo amina yake. Ndivyo alivyomaliza, miaka kumi na tisa, kila alhamisi.

Alikuwa amemaliza, basi. Alipoitwa mara ya tatu alikuwa amemaliza.

Asmahani alimwagia boneti maji. Sabuni ikapita, maji yakapita, na pale katikati, karibu na ukingo wa mbele, kitu hakikuondoka. Alisugua kwa upole. Hakikuondoka. Akainama usawa wa rangi, akatazama kwa pembeni kama Tahiri alivyokuwa akitazama, na akaiona.

Alama ya kiganja. Kiganja kizima, cha mkono wa kushoto, kimejichapa ndani ya dawa ya kinga iliyokuwa mbichi, jasho lake limeila rangi, na jua la miezi minne limeioka hapo. Kitako cha kiganja kilikuwa kimezama kuliko vidole. Mtu aliyeweka mkono ule hakugusa tu. Aliuegemeza mwili wake wote. Vidole vitano vimetawanyika. Na kile cha mwisho, kidogo, kimepinda kuelekea nje, kama kilivyopinda tangu mwaka ule kilipobanwa na mlango wa gari la mteja.

Tahiri. Tahiri aliyemfukuza paka. Tahiri aliyemwambia shehe msiguse, halijakauka. Aliweka mkono wake mwenyewe juu ya kinga mbichi, na akauegemea.

Na vidole vilikuwa vimeelekea mlango wa nyumba.

Asmahani aliketi chini palepale kwenye tope. Aliufuata ule mwendo kwa macho, hatua kwa hatua, kama mtu anayesoma barua. Hapa alikunja kitambaa. Hapa aliacha upande wa kulia, akazunguka kwa mbele. Hapa maumivu yalimshika, akatafuta pa kushika, hapakuwa na kingine. Hapa akashuka, akaketi, akaegemea tairi. Hatua nane zaidi angekuwa kizingitini. Hakuwa amenuna. Alikuwa anakuja kwenye chai.

Alilia kilio ambacho hakukilia siku ya maziko. Siku ile alilia kwa sababu amekufa. Leo alilia kwa sababu alikuwa anakuja, na yeye alikuwa ndani, anakula mkate, anamwacha anune. Bi Mastura aliinuka kizingitini, akaona kile alichokiona mwenzake, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga.

"Kiache hivyo hivyo, mwanangu," alisema baadaye. "Yussuf hatajali."

Naam, Yussuf hatajali. Asmahani alilifikiria hilo mpaka jua likapanda juu ya bati. Atalipeleka Pangani likiwa na kiganja juu yake. Na siku moja, wiki ijayo au mwezi ujao, atalipeleka kuoshwa mahali, na mtu asiyemjua Tahiri ataliona lile doa, atachukua sabuni ya unga na gunia, na atalisugua huku anapiga soga. Hivyo ndivyo atakavyoondoka. Kwa gunia, katikati ya soga.

Na iko ile sheria. Mkono wa fundi usionekane. Tahiri mwenyewe angekiona kile kiganja asingelala.

Mara moja watu wengine walimuosha Tahiri, yeye mkewe akiwa hajitambui. Mara ya pili haitakuwa hivyo.

Alilifanya gari lote kwanza, kama mtu anayezunguka mbali na jambo. Paa, milango, buti. Aliuvisha mkono mfuko wa mkate, akafumba macho, akapitisha udongo, akakata, akafuta. Kivuli cha banda kilihama na yeye akahama nacho, kwa maana rangi haishughulikiwi juani. Adhuhuri ikaadhiniwa, akaenda akasali, akarudi. Ikabaki boneti.

Aliweka kiganja chake juu ya kile kiganja. Mkono wake ulikuwa mdogo. Vidole vya Tahiri vilitokeza pande zote, kama vilivyokuwa vikitokeza alipomshika mkono siku ya ndoa. Alikaa hivyo kitambo. Alimwambia maneno ambayo Bi Mastura, kwa heshima yake, aliondoka kizingitini ili asiyasikie. Lakini tunajua mojawapo lilikuwa nisamehe, kwa sababu hilo alilisema kwa sauti.

Kisha akatia dawa ya kukata kwenye kitambaa, kile kile cha mara nne, alichokifua asubuhi hiyo. Bismillahi. Akaanza na kidole gumba. Miduara midogo, bila kukandamiza, bila haraka. Gumba likafifia. Cha shahada, ambacho mumewe alikiinua kila tahiyatu ya sala, kikafifia. Cha kati. Cha pete. Alipofika kwenye kile kilichopinda mkono ulikataa. Aliushika kwa mkono wa pili, akauongoza. Kilichelewa kile kidole; kilichelewa kama mwenyewe alivyokuwa akichelewa, naja, naja. Kisha nacho kikaenda. Mwisho kitako cha kiganja, pale palipozama, pale alipouegemeza uzito wake wote. Hapo alisugua kwa muda mrefu kuliko pote.

Alipofuta mara ya mwisho hapakuwa na kitu. Palikuwa na mbingu, na bati la banda, na uso wa mwanamke aliyevimba macho. Hakukuwa na mkono wa mtu yeyote. Kazi safi kabisa. Tahiri angezunguka mara mbili bila kusema neno, na kutosema kwake kungekuwa ndiyo sifa.

Akapaka kinga, tabaka moja jepesi, akaacha ikauke. Akaketi kizingitini kungoja, nta ikiwa kando yake.

Yussuf hakungoja alasiri. Alifika mapema, kwa miguu, mkoba begani, akaingia uani na salamu mdomoni, na salamu ikakatika. Aliliona gari. Aliliona kama alivyokuwa akiliona kila sikukuu alipokuja kumtembelea kaka yake, jeusi tii, na mbingu ndani yake. Uso ukamvunjika. Alitembea moja kwa moja mpaka mbele, akainama, akaweka mkono juu ya boneti ili asianguke.

"Usiguse, shemeji! Halijakauka!"

Lile neno lilikuwa limetoka kwa Asmahani kwa ukali ule ule, kwa lafudhi ile ile, na kwa muda wa pumzi moja ilikuwa kana kwamba Tahiri yupo.

"Nisamehe, shemeji," Yussuf alisema akilia, akauinua mkono.

Alama ilikuwa pale. Kiganja kizima, vidole vitano, kikubwa, cha mkono wa kushoto. Asmahani aliinuka kama aliyeitwa. Yussuf na Tahiri walikuwa tumbo moja, na mikono yao watu walikuwa wakiifananisha. Alikwenda mbio kana kwamba kuna mtu atakayemtangulia, akainama usawa wa rangi, akatazama kwa pembeni.

Kidole cha mwisho kilikuwa kimenyooka.

Alikitazama. Kilikuwa kidole kizuri, kizima, cha mtu aliye hai. Hakikuwa na lolote la kumwambia. Akachukua kitambaa na kukipitisha mara mbili tu, na kiganja cha Yussuf kikaondoka bila shida. Ndipo alipojua alichokuwa amekifanya mchana ule. Kile cha kwanza hakitarudi kwa mkono wa ndugu wala wa mwingine.

"Si neno, shemeji," alisema. "Sasa ngoja likauke."

Walingoja pamoja. Baada ya alasiri akapaka nta, akafuta, akadondosha tone la maji likasimama duara. Ufunguo aliopewa siku ya mirathi, Yussuf akamwekea mkononi ili amkabidhi yeye mwenyewe, naye akamkabidhi. Gari likatoka uani polepole, likakata kona kuelekea njia ya Pangani, na watu waliokaa mabarazani waligeuza shingo. Mmoja alisema kwa sauti, gari la Tahiri hilo. Asmahani alisikia.

Chini ya banda palibaki umbo la gari. Pande zote vumbi la miezi minne lililogeuka tope na kukauka, na katikati mchanga uliofunikwa muda wote huo, msafi, na alama nne za matairi. Aliketi mbele, upande wa nyumba, mahali lilipokuwa tairi ambalo Tahiri aliliegemea. Kutoka pale mlango ulionekana wote, na kizingiti, na dirisha yalikotokea maneno yale. Alihesabu kwa macho. Hatua nane.

"Alikuwa anakuja," alisema, ingawa sasa hapakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu.

Upepo ukageuka. Vumbi la barabarani likaingia bandani kama kawaida yake, bila hodi, likaanza kushuka juu ya ule mchanga msafi, juu ya mapaja yake, juu ya viganja vyake viwili alivyovifungua magotini. Hakujifuta.

"Karibu," aliliambia.